VM inajikokota: kumtafuta mchawi kwa perf

Hapa Lamu sistimu ikilala, wazo la kwanza la kila mtu ni kuagiza RAM Mombasa. RAM ipande basi, ishuke Mokowe, ipande boti, ifike gesti ichomekwe, afu sistimu iko vile vile na mwenye gesti anakuangalia wewe. Mara nyingi wala haikuwa RAM, ilikuwa diski imefungwa kwa mtindo wa zamani, ama VM (kompyuta za kuigiza ndani ya seva) zinagombania prosesa, ama prosesa imejipunguza spidi kwa joto la kaskazi, vitu ambavyo perf, kipimaji cha Linux, ingekutajia kabla kahawa haijapoa.

Nazungumza na mtu mwenye ile seva ya kawaida ya chumba cha nyuma: Linux, KVM (sehemu ya Linux inayoendesha VM), na juu yake VM kama tatu hivi, moja ya kubuku vyumba, moja Windows ya uhasibu, moja ya mafaili. Nikisema mwenyeji ni ile mashine ya chuma, nikisema mgeni ni VM. Hakuna cha kununua, KVM imo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo 2.6.20 la mwaka 2007 na perf tangu 2.6.31 la 2009. Mifano yangu ni ya prosesa za Intel, kwa AMD majina mengine yanaandikwa tofauti, nitayataja yakibidi.

Sasa kabla hujagusa chochote, ujue muda wa VM unaenda wapi. Ama mgeni ana kazi nyingi kweli za kwake, ama amejipanga foleni anangojea mwenyeji ampe prosesa, ama kila saa anasimamishwa na kutolewa nje ili mwenyeji amfanyie kitu afu amrudishe ndani, na huko kutolewa ndo kunaitwa eksiti. Ama anangojea tu diski. Mgeni akijipima mwenyewe ndani kwake anaona nusu ya mambo, ni kama mpangaji wa ghorofani anayelalamika maji hayatoki na hajui tangi liko tupu ama bomba limeziba. Kwa hiyo pima kutoka kwa mwenyeji kwanza.

Tafuta namba ya mchakato wa ile VM inayosumbua:

`pgrep -a qemu`

Utaona mstari mrefu wenye jina la VM ndani yake na namba mwanzoni. Afu, VM ikiwa katikati ya ule uzito wake (usipime saa nane usiku watu wamelala, utapima usingizi):

`sudo perf stat -e cycles:G,cycles:H -p NAMBA sleep 10`

G ni mizunguko ya prosesa iliyotumika mgeni akiwa ndani anafanya yake, H ni iliyoliwa na mwenyeji kwa ajili ya huyo mgeni, yaani QEMU (programu inayoigiza vifaa vya VM) na KVM zenyewe. G ikiwa kubwa na H ndogo, mgeni anapiga kazi kweli, ingia ndani yake utafute ni programu gani. H ikikaribia G ama kuipita, eksiti zimekuwa nyingi. Zote mbili zikiwa chini na watu bado wanalia, basi mgeni anasubiri kitu. Hii komandi moja inakuokolea ubishi mwingi sana, na sijui kwa nini watu wanaanza na `top` afu wanaishia hapo.

perf yenyewe inagoma

Hii tuipite haraka. Ukiwa na Ubuntu na unaambiwa `perf not found for kernel` fulani, ni kwamba kerneli imepata apdeti na perf haikuifuata, weka `linux-tools-$(uname -r)`. Debian pakeji ni `linux-perf`. Ukiambiwa huna ruhusa, ni ile `kernel.perf_event_paranoid`, namba ikiwa juu ndo ukali unazidi, na Debian na Ubuntu wamezidisha ukali kuliko kerneli yenyewe ilivyo. Tumia sudo tu yaishe, usiishushe hadi -1 halafu ukasahau kuirudisha kwa seva yenye madaftari ya hesabu za watu.

Ndani ya mgeni perf inaandika `<not supported>`

Umeingia ndani ya mgeni, umepiga `perf stat`, saa inaonekana, kubadilisha kazi kunaonekana, lakini cycles na instructions zote zimeandikwa `<not supported>`. Watu wanadhani perf imeharibika wanaifuta wanaiweka tena. Hapana, kaunta za prosesa (vihesabio vyake vya ndani) ni kitu cha chuma na mgeni hakupewa. Mwenyeji ndo anatakiwa ampe, kwenye libvirt (msimamizi wa VM) ufungue `virsh edit` kwa hiyo VM, uhakikishe iko hivi:

`<cpu mode='host-passthrough'/>`

na ndani ya `<features>` uongeze `<pmu state='on'/>`. Kwa QEMU ya mkono ni `-cpu host,pmu=on`. Afu uizime VM kabisa na kuiwasha, kuiriseti kwa ndani hakutoshi manake ile QEMU ya zamani bado inaendelea na mipangilio yake ya zamani.

Ukishindwa kuzima saa hizo, `perf record` bado itakufaa, yenyewe ikikosa kaunta inahamia kwa `cpu-clock`, yaani inatumia taima badala ya kaunta. Inatosha kujua programu gani inakula muda, haitoshi kukuambia habari za kashe.

Na ukiona cycles zimetokea lakini pembeni kuna asilimia kwenye mabano, umeomba kaunta nyingi kuliko zilizopo, kwa hiyo perf inazipokezanisha na kukisia zilizobaki. Punguza, omba nne nne. Kuna moja pia inashikwa na `nmi_watchdog` kwenye mashine nyingi za Intel, ukiiweka 0 kwa muda unaipata.

VM ni nzito tangu siku ya kwanza, kila kitu, hata kuandika jina lako

Hapa uangalie kama KVM inatumika kabisa. Kama prosesa haijafunguliwa VT-x (uwezo wa Intel wa kuendesha VM moja kwa moja kwenye chuma) kwenye BIOS, QEMU inaweza kuwa inaigiza kila amri moja moja, na hiyo hata ukiipa RAM ya dunia nzima haiendi. `ls /dev/kvm` na `lsmod | grep kvm`, ukikosa hapo usiendelee na kingine. Kwa perf dalili yake ni kwamba `sudo perf top -p NAMBA` inajaa fankisheni za QEMU zenyewe, majina yanayoanza na `helper_`, wakati VM yenye KVM huonyesha QEMU kidogo tu.

Inaweza pia kutokea kwa seva iliyokuwa inaenda vizuri. Stima ikikatika mara nyingi na ile betri ndogo ya ubao imekufa, BIOS inasahau mipangilio yake inarudi kiwandani, na kwenye baadhi ya bodi kiwandani VT-x imefungwa. Libvirt ikiwa imeambiwa aina ni kvm itakataa kuwasha na utajua mara moja. Lakini kama aliyeiweka aliandika `accel=kvm:tcg` ili isigome, itaandika mstari mmoja wa onyo afu iwake kwa uigizaji, mstari hakuna anayeusoma, na asubuhi mapokezi wanakupigia simu.

H iko juu: kuhesabu eksiti

Hapa ndo penye nyama. Piga:

`sudo perf kvm stat record -p NAMBA`

Ngoja kama nusu dakika wakati uzito uko juu, Ctrl-C, afu:

`sudo perf kvm stat report`

Itakuja meza: jina la eksiti, idadi yake, asilimia ya idadi, asilimia ya muda, muda mdogo kabisa, mkubwa kabisa, na wa wastani. Ukitaka kuangalia mubashara badala ya kurekodi, `perf kvm stat live`.

Mtego wa kwanza, na huu unawakamata wengi: HLT itakuwa juu kwenye asilimia ya muda, pengine imekula karibu yote, na mtu anaruka anasema nimempata mwizi. HLT ni mgeni amesema sina kazi, nalala. perf inapima kuanzia alipotoka mpaka aliporudi, kwa hiyo usingizi wote unahesabiwa kama muda wa eksiti. Mgeni asiye na kazi HLT yake lazima iwe kubwa. Iache, soma zilizobaki, na usome idadi pamoja na muda, si moja peke yake. Ila, na hii ila ni muhimu, HLT ikiwa imejaa wakati mtu wa mapokezi anaangalia kiduara kinazunguka, hiyo ni habari: prosesa haina kazi na kazi haiendi, maanake mgeni anangojea diski ama mtandao, nitalirudia chini.

IO_INSTRUCTION ikiwa nyingi, mgeni anagonga milango ya vifaa vya zamani. Uliza ni mlango gani:

`sudo perf kvm stat report --event=ioport`

Ukiona anwani za 0x1f0 hadi 0x1f7, hiyo ni diski ya IDE, yaani VM inadhani iko mwaka 1998 na kila ikisoma faili QEMU inaigiza kifaa cha wakati huo. 0x3f8 ni siriali, kuna kitu kinamwaga logi kwenye konsoli, kizime. 0x70 na 0x71 ni saa ya ubao, hiyo ni Windows kwa kawaida, nakuja huko. Dawa ya IDE ni virtio (vifaa vilivyotungwa kwa ajili ya VM, haviigizi chuma cha zamani), kwa diski na kwa kadi ya mtandao pia kama bado ni e1000 (kadi ya Intel inayoigizwa). Mgeni wa Linux draiva anazo tayari. Windows lazima uziweke draiva za virtio kwanza kabla hujaibadilisha diski ya kuanzia, ukigeuza mpangilio huo Windows inakuonyesha skrini ya bluu na hapo utakuwa umejiongezea kazi. Njia ya salama ni kuichomeka diski ndogo ya pili ya virtio, Windows iijue, draiva ikae, ndo uhamishe ile kubwa.

EPT_MISCONFIG jina linatisha kana kwamba kuna mpangilio mbovu, lakini ndivyo KVM inavyojua mgeni amegusa kumbukumbu ya kifaa. Virtio ya kisasa inaitumia kumgongea mwenyeji, kwa hiyo ukishahamia virtio utaziona hizi na ni sawa, zina muda mfupi mfupi. Zikiwa ndefu ama nyingi kupita kiasi, `--event=mmio` itakuambia anwani. Kwa AMD hakuna majina ya EPT, hili na linalofuata, zote zinaitwa `npf`.

EPT_VIOLATION ni mgeni kugusa ukurasa wa kumbukumbu ambao mwenyeji hajamtengea bado. VM ikitoka kuwashwa zinakuwa nyingi halafu zinapungua, kawaida. Zikiendelea siku nzima na muda mkubwa kabisa umepanda hadi milisekunde, mwenyeji amemtoa mgeni kwenye RAM akamtupa kwenye swapu (diski inayotumika kama RAM). Hakikisha kwa `vmstat 1` kwa mwenyeji, safu za `si` na `so`, zikitembea bas. Hapa ndo RAM inakuwa dawa kweli, ila jumlisha kwanza: VM tatu umezipa GB ngapi na mashine ina ngapi? Mara nyingi VM ya mafaili imepewa GB nane na inatumia moja, unaipunguza na safari ya Mokowe inafutwa.

PAUSE_INSTRUCTION ina hadithi yake. vCPU (prosesa ya kuigiza aliyopewa mgeni) moja imeshika loki (kitasa cha data, mmoja mmoja kwa zamu), mwenyeji akaisimamisha katikati ampe mwingine zamu, zile vCPU nyingine za mgeni yule yule zinazunguka bure kungoja loki iachiwe na mwenye loki mwenyewe amelala. Hii inatokea ukiwa umegawa vCPU nyingi kuliko prosesa zilizopo. Soma sehemu inayofuata.

MSR_WRITE mara nyingi ni taima zinapangwa na vCPU kuitana zenyewe kwa zenyewe, EXTERNAL_INTERRUPT ni mambo ya mwenyeji yanayomkatiza mgeni. Sijawahi kuona hizi mbili zikiwa mchawi peke yake kwa seva ndogo, kwa hiyo usipoteze jioni yako hapo mpaka umalize zile nyingine.

Mgeni ana vCPU nne na bado anajikokota

Ndani ya mgeni angalia `st` kwenye `top` ama `vmstat 1`. Hiyo ni muda ambao mgeni alikuwa tayari kufanya kazi na mwenyeji akampa mwingine. Ikiwa sifuri ruka hapa. Ikiwa inapanda kila watu wakianza kuingiza wateja wa boti ya asubuhi, rudi kwa mwenyeji:

`sudo perf sched record -- sleep 10`
`sudo perf sched latency -p`

Utafute mistari ya `CPU 0/KVM`, `CPU 1/KVM` na wenzake, hao ndo vCPU, kila mmoja kwa mwenyeji ni thredi tu. Safu ya kuchelewa kwa wastani na kuchelewa kukubwa kabisa inakuambia vCPU ilikaa foleni muda gani. Milisekunde kadhaa zikijirudia, watumiaji wanazihisi.

Na sababu karibu kila wakati ni ile ile, mashine ina koa nne, fundi ameipa kila VM vCPU nne "ziwe na nguvu", kumi na mbili zinagombea nne. Ipunguze VM ya mafaili iwe na moja, ya kubuku mbili, uhasibu mbili, upime tena. Watu hawaamini kwamba kuipunguzia VM vCPU kunaweza kuifanya iende mbio, mpaka waione PAUSE_INSTRUCTION ikishuka kwenye meza. Na bakapu pia uiangalie, kuna watu wameipanga bakapu ya VM zote tatu saa moja ya asubuhi, saa ile ile watu wanalipa na kuondoka, afu wanatafuta virusi.

Windows ya uhasibu haifanyi kitu na bado inakula prosesa

G na H zote ziko juu kidogo, hakuna mtu ameifungua, na mwenyeji ana joto. Piga `perf kvm stat` kama juu, na kama ioport inakuonyesha 0x70 na 0x71 zimejaa, ama mmio imejaa anwani za hpet, saa nyingine inayoigizwa (kwa kawaida zinaanza na 0xfed00), Windows inauliza saa ni ngapi kupitia saa zilizoigizwa na kila kuuliza ni eksiti. Mpe saa yake ya kueleweka, ndani ya `<clock>`:

`<timer name='hypervclock' present='yes'/>`
`<timer name='hpet' present='no'/>`

Kuzima na kuwasha, pima tena. Tofauti utaiona kwenye idadi ya eksiti kabla hata hujaiona kwa macho.

Mgeni wa Linux naye ana ugonjwa wa jamaa huyu. Ndani yake soma `/sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource`. Ukikuta `kvm-clock` ama `tsc` uko sawa. Ukikuta `hpet` ama `acpi_pm`, na `perf top` ndani ya mgeni ina `read_hpet` ama `acpi_pm_read` huko juu, databesi yako inauliza saa kwa bei ghali.

HLT imejaa, prosesa imelala, watu wanalia

Hapa ni diski, ama mtandao, lakini kwa databesi mara nyingi ni diski. Ingia ndani ya mgeni, chukua namba ya mchakato wa databesi:

`sudo perf trace -s -p NAMBA_YA_DATABESI`

Ngoja kidogo, Ctrl-C, itakupa kila ombi kwa kerneli na muda wake wa wastani. `fsync` ama `fdatasync` ikiwa na wastani wa makumi ya milisekunde, kila risiti inayohifadhiwa inangoja diski iseme nimeandika. Hii haihitaji kaunta za prosesa kwa hiyo hata mgeni mwenye `<not supported>` inamfaa. Kwa mwenyeji uthibitishe na `iostat -x 1`. Diski ya kuzunguka ikibebeshwa VM tatu inakuwa hivyo, SSD ndo jibu, na hiyo agiza tu bila kuona haya. Ila kwanza uangalie hali ya kashe ya diski kwenye mpangilio wa VM, na usikubali ushauri wa `cache='unsafe'`. Inaenda mbio ajabu manake inapuuza maombi ya kuandika kweli, stima ikikatika databesi inaondoka nayo, na hapa stima inakatika.

Asubuhi sawa, saa nane mchana nzito

Kazi ile ile, eksiti zile zile, `st` sifuri, na mchana kila kitu kinachukua muda mrefu zaidi. Pima spidi ya prosesa yenyewe kwa mwenyeji:

`sudo perf stat -e task-clock,cycles timeout 10 sh -c 'while :; do :; done'`

Pembeni ya cycles perf inaandika GHz. Ipige asubuhi ipige mchana. Ikishuka sana wakati wa joto, prosesa inajilinda. `dmesg` itakuwa na neno `throttled`, na kwa Intel faili `/sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/core_throttle_count` linahesabu mara ngapi.

Pwani hii joto si la kupuuzwa, miezi ya kaskazi hadi Machi chumba kisicho na dirisha chini ya mabati ni tanuri, na hewa ya chumvi inashikana na vumbi kwenye feni inakuwa kama gundi. Fungua, safisha kwa brashi na hewa, badilisha pesti ya prosesa, isogeze seva kwenye chumba cha ukuta wa mawe chini badala ya ghorofani. Hizi nyumba zetu za kuta nene zilijengwa na watu walioelewa jua, seva nayo ni kiumbe.

Kama GHz iko chini asubuhi na mchana, hiyo si joto, angalia `scaling_governor` (mpangilio wa spidi ya prosesa). Lakini `powersave` kwenye Intel zinazotumia intel_pstate si lazima iwe mbaya, bado inapanda kazi ikija, kwa hiyo amini namba ya GHz kuliko hilo jina.

G iko juu na ripoti imejaa `[unknown]`

Mgeni anapiga kazi kweli, unataka kujua kerneli yake inafanya nini huku umekaa kwa mwenyeji, unapata `[unknown]` tupu. Mwenyeji hajui majina ya fankisheni za mgeni mpaka umpe. Ndani ya mgeni:

`sudo cat /proc/kallsyms > kallsyms.mgeni`
`sudo cat /proc/modules > modules.mgeni`

Bila sudo anwani zote zinatoka sifuri na faili halina maana. Yalete mafaili kwa mwenyeji, afu:

`sudo perf kvm --guestkallsyms=kallsyms.mgeni --guestmodules=modules.mgeni record -a sleep 20`

na ripoti ni mstari ule ule, weka `report` mahali pa `record -a sleep 20`. Kerneli za siku hizi zinabadilisha anwani kila zikiwaka, kwa hiyo mgeni akiriseti uyachukue upya, la sivyo majina yatakuja lakini ya uongo, na hiyo ni mbaya kuliko `[unknown]`. Programu za kawaida za mgeni, databesi na PHP na nini, hutazisoma kwa njia hii, hizo ingia ndani ya mgeni upige `perf record -g` huko huko.

Ukishajua ni kumbukumbu tu inasomwa huku na huku, databesi kubwa kwa mfano, jaribu `-e dTLB-loads:G,dTLB-load-misses:G` na `perf stat`. Mgeni akikosa anwani kwenye TLB (kashe ya anwani ndani ya prosesa), prosesa inatembea meza za mgeni na za mwenyeji kwa pamoja, hadi kusoma mara 24 kwa anwani moja kwenye meza za ngazi nne. Kurasa kubwa za MB 2 zinapunguza hayo, `<hugepages/>` ndani ya `<memoryBacking>`, na kwa VM ya GB 4 utenge 2048 kwenye `vm.nr_hugepages`. Zitenge mapema mashine ikiwaka tu, baadaye RAM imeshakatika vipande vipande na hutazipata zote.

VM si yako, umepanga kwa kampuni huko nje

Hapo `perf kvm` isahau, mwenyeji ni wa watu. Una `st`, una `perf trace -s`, na una `perf record` kwa `cpu-clock`. Rekodi `st` kwa siku nzima na saa zake, `vmstat -t 60` ukaielekeza kwenye faili, uwatumie hiyo pamoja na malalamiko yako. Ukiwaandikia seva iko slo watakuambia uiriseti, ukiwatumia safu ya `st` imepanda kila jioni saa zile zile wanakuhamishia kwenye mashine nyingine, na wasipokuhamisha, hama wewe.